Kila Kamati na Uamuzi Wake

Jumuiya nyingi za elimu zinazoendeshwa na watu wa kujitolea hufikia wakati ambapo viti vya kamati ni vingi kuliko watu wanaofanya kazi yenyewe. Orodha ya kamati inarefuka, majina yaleyale yanajirudia katika kila orodha, na mwanachama mpya anayetaka kusaidia kutafsiri somo moja anaelekezwa kwa mwenyekiti ambaye naye anasubiri kikao cha kamati nyingine. Hapo ndipo hutolewa hoja ya kupanga upya muundo. Nimeshiriki kazi hiyo nikiwa mjumbe wa kujitolea katika jumuiya ya kimataifa inayoandaa masomo na kuwaandaa wakufunzi, na nimefikia msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona mkali: kamati isiyoweza kutaja uamuzi ambao ni wake peke yake haina sababu ya kuwa kamati. Inaweza kuwa kikundi cha kazi, inaweza kuwa mtu mmoja mwenye jukumu, inaweza hata kuwa ukurasa mmoja wa maelekezo, lakini haihitaji mwenyekiti, akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayohalalisha kikao) wala ajenda.

Kamati huzaliwa kwa urahisi kwa sababu kuiunda hakugharimu fedha. Katika mkutano mkuu mjumbe anasimama na kutaja tatizo la kweli, muda umekwisha, na mwenyekiti anaona kwamba njia ya heshima ya kulimaliza jambo ni kupendekeza iundwe kamati. Watu wanapiga makofi, watano wanajitokeza, na kuanzia siku hiyo kuna chombo kipya kisicho na hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yake na mipaka yake, wala tarehe ya kumaliza kazi, ambacho hakuna atakayethubutu kukivunja kwa kuwa waliomo ni marafiki zake. Gharama huja baadaye, nayo hulipwa kwa saa za watu. Kamati ya wajumbe 9 inayokutana mara moja kwa mwezi kwa saa moja na nusu inatumia saa 162 kwa mwaka vikaoni tu, kabla mtu yeyote hajaandika ukurasa mmoja wa somo. Jumuiya yenye kamati 10 za namna hiyo inatumia saa 1,620. Mwajiri angeziona saa hizo katika orodha ya mishahara na angeuliza maswali, lakini kwetu hakuna anayelipwa, kwa hiyo haziandikwi popote na hakuna anayeziuliza.

Mfano ninaopenda kuutumia ni wa harakati ya Wikimedia, inayojulikana zaidi kwa Wikipedia, kwa sababu sehemu kubwa ya mambo yake hufanyika hadharani na kumbukumbu zake husomwa na yeyote. Shirika lake, Wikimedia Foundation, lilianzishwa mwaka 2003. Mwaka 2006 bodi yake, wakati huo ikiwa na waajiriwa wachache mno, iliunda kamati kadhaa kwa mkupuo, zikiwemo za mawasiliano, fedha, matawi na miradi maalumu. Nyingi kati ya hizo zilikwisha kufifia au kuvunjwa. Mbili zenye asili katika wimbi lile zimedumu. Ya kwanza ni ile ya matawi, ambayo mwaka 2012 ilipewa jina jipya na mawanda mapana zaidi ili ishughulikie aina zote za vyama washirika. Ya pili ni ya lugha, ambayo ilianza mwaka huohuo wa 2006 ikiwa kamati ndogo tu chini ya kamati ya miradi maalumu, ikaja kuishi muda mrefu kuliko kamati iliyoizaa.

Kwa tafsiri yangu, zilidumu kwa sababu kila moja ilikuwa na swali lisilo na mahali pengine pa kujibiwa. Kamati ya lugha huulizwa kama lugha fulani ifunguliwe mradi mpya, kwa mfano Wikipedia yake yenyewe, na masharti yanajulikana: lugha iwe na msimbo unaotambuliwa katika ISO 639, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya lugha, iwe na wachangiaji wanaoendelea kufanya kazi katika toleo la majaribio, na maneno ya msingi ya programu yawe yametafsiriwa. Anayeomba anajua pa kwenda, na kamati inajua ni lini imemaliza. Kamati ya vyama washirika nayo huulizwa kama kikundi fulani kinastahili kutambuliwa. Sasa jiulize kamati ya mawasiliano ingeulizwa nini. Kila mtu katika jumuiya huwasiliana, kila tawi lina matangazo yake, na kamati isiyo na neno la mwisho juu ya tangazo lolote hubaki kukutana ili kujadili umuhimu wa mawasiliano. Niongeze hapa kwamba siitoi kamati ya lugha kama kielelezo cha kila kitu. Wajumbe wake hawachaguliwi kwa kura ya wachangiaji, huingizwa na wajumbe waliomo, na katika jumuiya ya wanachama utaratibu huo ungezua maswali ya haki. Ninachokitazama ni uwazi wa kazi yake.

Kwa hiyo kikundi cha kupanga upya kikikutana kwa mara ya kwanza, mimi huomba mchoro wa visanduku na mishale uwekwe kando. Mchoro huo unaonyesha nani yuko chini ya nani, lakini hauonyeshi jambo linaamuliwa wapi. Badala yake tuchukue mihtasari ya vikao vya kila kamati ya miaka miwili iliyopita na kuweka alama mbele ya kila kipengele: hapa paliamuliwa jambo, hapa palipokewa taarifa, hapa jambo liliahirishwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini watu wawili wanaweza kuimaliza kwa wiki chache, na matokeo yake hayabishaniwi kama yanavyobishaniwa maoni. Sehemu ya kutazamwa kwa makini zaidi ni ile ya yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka vikao vilivyopita. Jambo linalokaa katika yatokanayo kwa vikao vinne mfululizo linaeleza habari za kamati kuliko taarifa yake ya mwaka. Ama kamati haina mamlaka juu ya jambo hilo, ama inayo mamlaka lakini haina mtu mwenye ujuzi, ama inavyo vyote viwili lakini hakuna anayetaka kuwaudhi wanaohusika. Dawa za hali hizo tatu hazifanani. Ya kwanza inahitaji kuhamisha madaraka, ya pili inahitaji kutafuta watu, na ya tatu inahitaji mwenyekiti mwingine. Jumuiya nyingi huzitibu zote tatu kwa kuunganisha kamati mbili, na matokeo yake ni kamati kubwa zaidi yenye yatokanayo marefu zaidi.

Baada ya zoezi hilo hugundulika kwamba neno kamati limebeba kazi tatu zilizo tofauti kabisa, yaani kuamua, kushauri na kutenda. Watu wanaoandaa mafunzo ya kila mwaka ya wakufunzi wanatenda. Wanahitaji mratibu mmoja mwenye bajeti na idhini ya kuitumia, pamoja na wasaidizi wanaoweza kuingia na kutoka kadiri nafasi zao zinavyoruhusu, na hakuna sababu ya kuwataka watimize akidi ili kukubaliana juu ya ratiba ya siku ya pili. Wataalamu wa hisabati wanaosoma rasimu ya somo wanashauri, na kinachowafaa ni rasimu, swali lililoandikwa vizuri na tarehe ya mwisho ya kurudisha maoni. Wakimaliza wanashukuriwa na kuachwa waende zao hadi rasimu nyingine itakapokuwa tayari. Wanaobaki ni wale wanaoamua kwa niaba ya wengine, na hao ndio wanaostahili uzito wote wa kamati, yaani uteuzi wa haki, muda maalumu wa kuhudumu, tamko la mgongano wa maslahi, na kumbukumbu zinazoweza kusomwa na mwanachama yeyote. Uzito huo ukiwekwa juu ya wanaotenda, kazi hukwama. Ukiondolewa kwa wanaoamua, huwa ni suala la muda tu kabla ya malalamiko ya upendeleo kuanza.

Katika jumuiya ya elimu inayofanya kazi kwa lugha nyingi, mahali panapoleta taabu kuliko pote ni tafsiri, na ndiyo maana nitakaa hapo kidogo. Miundo mingi huiweka tafsiri chini ya mawasiliano, kana kwamba kutafsiri somo ni sawa na kutafsiri tangazo la mkutano. Chukua somo la uwezekano katika hisabati, lililoandikwa kwa Kiingereza na mtu aliyezoea mchezo wa besiboli, ambapo mifano yote inatoka katika mchezo huo. Mfasiri mzuri anaona mara moja kwamba mwanafunzi wake atapoteza muda kuelewa mchezo kabla hajafika kwenye hesabu, na anataka kubadilisha mfano. Je, ana ruhusa? Akiubadilisha, namba zinabadilika, majibu ya mwisho wa sura yanabadilika, na pengine swali moja la mtihani halifanyi kazi tena. Mwaka unaofuata mwandishi wa somo la asili anarekebisha toleo lake, na hakuna anayejua kama toleo lililotafsiriwa lazima lifuate, au limekuwa somo jingine lenye maisha yake. Tena kuna wafasiri wawili wa lugha moja wanaotofautiana juu ya istilahi, kila mmoja akiwa na wafuasi.

Maswali hayo yote huangukia katika ufa uliopo kati ya kamati ya mitaala, kamati ya mawasiliano na kamati za kanda. Kila kamati inaweza kudai kwamba swali linaihusu, na kila moja inaweza kudai kwamba halijafika kwake rasmi. Mfasiri, ambaye ni mtu wa kujitolea mwenye jioni mbili tu za nafasi kwa wiki, anasubiri hadi hamu inaisha, au anabadilisha kimyakimya bila kumwambia mtu, na jumuiya inagundua miaka kadhaa baadaye kwamba matoleo mawili ya somo moja hayapimi kitu kimoja. Jibu linalopendekezwa kila mara ni kamati ya uratibu wa tafsiri, yenye mwakilishi mmoja kutoka kila moja ya kamati hizo tatu. Mimi ningeandika sentensi moja katika kanuni: kila lugha iwe na mhariri aliyeteuliwa, mwenye mamlaka ya kubadilisha mifano, majina na istilahi bila kuomba ruhusa, lakini asiye na mamlaka ya kubadilisha malengo ya somo wala kiwango cha upimaji, ambavyo vinabaki mikononi mwa kamati ya mitaala. Wafasiri wanaogombania istilahi watamfuata mhariri wa lugha yao. Mhariri akikosea, atabadilishwa muda wake ukiisha. Sentensi hiyo inaondoa haja ya kamati nzima, na zaidi ya hayo inauweka uamuzi karibu na mtu anayemfahamu mwanafunzi.

Hamu ya kupunguza idadi inapopanda, ni lazima pawepo na mtu wa kukumbusha kwamba kamati fulani hazipaswi kuunganishwa hata kama zina kazi ndogo. Wanaokagua hesabu hawawezi kuwa sehemu ya wanaopanga matumizi. Wanaosimamia uchaguzi na uteuzi hawawezi kuwa chini ya viongozi wanaotaka kuchaguliwa tena. Na wanaopokea malalamiko ya mwenendo, hasa katika jumuiya inayokutanisha watu wazima na watoto, lazima wawe na njia ya kufikiwa isiyopita kwa mwenyekiti wala kwa rafiki wa mwenyekiti. Kamati ya namna hii inaweza kukaa mwaka mzima bila shauri hata moja, na mtu mwenye mtazamo wa kubana matumizi atauliza kwa nini ipo. Ipo ili siku shauri litakapoletwa isilazimu kuundwa kwa haraka na watu ambao tayari wamechukua upande.

Swali gumu kuliko yote, hata hivyo, linahusu nani mwenye neno la mwisho juu ya mpango mzima, na hapa tena Wikimedia inatoa funzo kubwa. Mwaka 2021 iliundwa kamati ya watu 15 ya kuandika mkataba wa harakati nzima. Saba walichaguliwa kwa kura na wachangiaji, 6 walitoka kwa vyama washirika kwa kufuata kanda, na 2 waliteuliwa na Wikimedia Foundation. Rasimu iliyotokea ilipendekeza, pamoja na mambo mengine, baraza la kimataifa ambalo lingechukua sehemu ya maamuzi yaliyokuwa yakifanywa na shirika. Katikati ya mwaka 2024 rasimu hiyo ikapigiwa kura. Miongoni mwa wachangiaji waliosema ndiyo au hapana, asilimia 73.30 waliiunga mkono, na miongoni mwa vyama washirika asilimia 83.78. Lakini utaratibu uliwekwa kwamba bodi ya shirika nayo lazima iridhie, na bodi haikuridhia. Ilitoa sababu zake, ikapendekeza hatua ndogo za majaribio, na mkataba haukuanza kutumika.

Watu huisoma habari hiyo kwa namna mbili, wengine wakiona bodi imepuuza wanachama, wengine wakiona bodi imetimiza wajibu wake. Kwangu jambo la kujifunza liko mapema zaidi. Chombo kilichosajiliwa kisheria kinaweza kukasimu kazi nyingi, lakini mbele ya sheria bodi yake hubaki kuwajibika kwa fedha, mikataba na usalama wa watu, na kura ya wanachama pekee haiwezi kuihamisha dhamana hiyo kwenda kwa kamati ambayo haitaulizwa mahakamani. Kwa hiyo, kabla ya kuandikwa ukurasa wa kwanza wa rasimu, bodi iombwe itamke kwa maandishi ni madaraka gani iko tayari kuyaachia, yapi itayaachia kwa masharti, na yapi haitayaachia kamwe. Jibu likiwa dogo, litasikitisha, lakini litasikitisha watu waliotumia wiki mbili na si miaka karibu mitatu. Katika hadidu za rejea nako, kila kamati iandikiwe waziwazi kama inaamua au inapendekeza, na pale inapoamua, bodi ipewe muda mfupi, tuseme siku 14, wa kutengua uamuzi huo kwa sababu zilizoandikwa. Siku hizo zikipita, uamuzi umesimama.

Suala la uwakilishi wa kanda huja na hisia nyingi, na nakiri kwamba wasiokubaliana nami wana hoja nzito. Jumuiya ya kimataifa ambayo kamati zake zote zimejaa watu wa bara moja au mawili haiwezi kudai kuwa ya kimataifa. Lakini ukiweka kiti cha kila kanda katika kila kamati, unapata kamati za watu 14 au zaidi, na unaikamua kanda yenye wanachama wachache hadi inawatuma watu walewale wanne kila mahali. Ningependa kanda iwe na nguvu katika kuteua na katika kugawa rasilimali zinazoihusu, badala ya kuwa na kiti kisicho na sauti katika kila kikao. Wikimedia ilielekea huko mwaka 2021 ilipoanza kutumia kamati za kanda kupitia maombi ya ruzuku, ikiwemo ya Mashariki ya Kati na Afrika, baada ya miaka kadhaa ambapo kamati moja ya dunia nzima, iliyoundwa mwaka 2012, ilikuwa ikipitia mipango na bajeti za vyama vikubwa. Mtu anayeamua juu ya ombi la kanda yake analielewa kuliko mjumbe wa mbali, ingawa pia anawafahamu waombaji, na ndiyo maana kanuni za mgongano wa maslahi zinapaswa kuwa kali zaidi huko kuliko kwingine.

Kisha kuna saa. Kikao cha 13:00 UTC (saa ya kimataifa ya rejea), katika miezi ya Juni hadi Agosti, kinawakuta watu wa London saa 8 mchana, wa Lima saa 2 asubuhi, wa Los Angeles saa 12 alfajiri, na wa Auckland saa 7 usiku, siku tayari imebadilika. Hakuna saa inayowafaa wote, na kila anayesema ameipata saa hiyo anaishi karibu na London. (Kuna pia wiki mbili au tatu kila Machi ambapo Marekani imeshasogeza saa zake na Ulaya bado, na katika wiki hizo nusu ya wajumbe hufika saa nzima kabla au baada ya kikao.) Kuzungusha saa za vikao kunasaidia kugawa usumbufu, lakini dawa ya kweli ni kupunguza mambo yanayohitaji kikao. Apache Software Foundation, inayoendeshwa na watengenezaji programu wa kujitolea waliotawanyika duniani, ina desturi ya kuacha kura ya maandishi iwe wazi kwa angalau saa 72 ili kila mtu apate nafasi ya kuamka, kusoma na kujibu. Desturi hiyo inafaa sana kwa jumuiya za elimu. Pia inamsaidia mjumbe ambaye lugha ya kikao si yake, kwa sababu anaweza kusoma hoja mara mbili na kuandika jibu lake kwa utulivu, jambo ambalo kikao cha sauti hakimruhusu.

Akidi nayo inahitaji kushughulikiwa, japo kwa ufupi. Kamati ya watu 11 yenye akidi ya 6 inaonekana salama. Wajumbe 4 wakiacha kujibu ujumbe bila kujiuzulu, wanabaki 7, na wawili tu wakipata dharura hakuna kikao. Kanuni iseme kwamba mjumbe asiyehudhuria wala kujibu kwa kipindi fulani amejiondoa mwenyewe, na akidi ihesabiwe kwa waliobaki. Ni kanuni inayoonekana ya kikatili hadi mtu anapoiona ikitumika, kwani wengi wa walioondoka kwa njia hiyo hufarijika kwamba hawakulazimika kuandika barua ya kuaga.

Vikundi vya kutenda na vya kushauri viwe na tarehe ya kufa iliyoandikwa siku ya kuzaliwa. Harakati ya skauti duniani ina mzunguko unaosaidia hapa: mkutano wake mkuu hufanyika kila baada ya miaka 3, huchagua wajumbe 12 wa kamati ya dunia wenye haki ya kupiga kura, na makundi ya kazi hupangwa kufuata mpango wa kipindi hicho. Kipindi kikiisha, kundi linaloendelea linaendelea kwa sababu mpango mpya unalihitaji. Hakuna anayevunjiwa kamati, na hivyo hakuna anayevunjiwa heshima.

Maana heshima ndiyo hukwamisha mipango mingi iliyo mizuri kwenye karatasi. Mwenyekiti aliyeilea kamati kwa miaka 8 hatasikia hoja yako ya mihtasari na alama, atasikia kwamba kazi yake haikuwa na maana. Anapaswa kuambiwa mapema, ana kwa ana, na mtu anayemheshimu, kabla ya rasimu kuonwa na watu wengine, na aulizwe jambo ambalo yeye peke yake analijua: nani alikuwa akifanya nini, mkataba upi unaisha lini, akaunti ipi imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Hilo la mwisho si la mzaha. Kamati nyingi za kujitolea huhifadhi nyaraka katika akaunti binafsi ya katibu, na siku katibu akiondoka kwa hasira au kwa uchovu, miaka ya kumbukumbu huondoka naye. Makabidhiano yafanyike kabla kamati haijafungwa, yakiwa na orodha iliyosainiwa na pande mbili, na kila kazi iliyokuwa ikifanywa na kamati hiyo iwe na jina la mtu anayeipokea. Kazi isiyopata mpokeaji itajwe hadharani kwamba imesitishwa. Wanachama huvumilia kusikia kwamba jambo halitafanyika mwaka huu, lakini hawavumilii kuendelea kuandika kwa anwani ambayo hakuna anayeifungua.

Kuhusu mpangilio wa utekelezaji, nisingebadilisha kila kitu kwa pamoja, wala nisingeanza katikati ya mwaka wa masomo wakati wakufunzi wanategemea njia walizozizoea. Ningeanza na vikundi vya kutenda, kwa sababu kuvipa mratibu na bajeti huleta nafuu inayoonekana haraka, kisha vya kushauri, na kamati za maamuzi mwishoni, zikisubiri mkutano mkuu ambao ndio wenye uwezo wa kurekebisha katiba. Katika kipindi cha mpito, kamati za zamani ziendelee kuamua yale tu yasiyoweza kusubiri, na zisiteue wajumbe wapya.

Baada ya mwaka mmoja, kipimo changu hakitakuwa idadi ya kamati zilizobaki. Ningechukua maombi 20 halisi ya wanachama, kama lile la mfasiri anayetaka kubadilisha mfano, la tawi linalotaka kutumia nembo, au la mkufunzi anayetaka kurudishiwa nauli, na kuhesabu siku kati ya kuulizwa na kujibiwa kabla ya mabadiliko na baada yake, pamoja na idadi ya watu ambao ombi lilipitia mikononi mwao. Kama siku hazijapungua, muundo mpya urudishwe mezani katika mkutano mkuu unaofuata, na waliouandika, mimi nikiwemo, tusiwe wajumbe wa kikundi kitakachoupitia.